Mkate wa Mkopo: Historia ya Panaderya za Ufilipino

Mwaka 1590, askofu wa kwanza wa Manila, Domingo de Salazar, alimwandikia mfalme wa Hispania barua ndefu kuhusu Wachina waliokuwa wakiishi katika mtaa wa Parián, kando ya mji wa Wahispania. Alisifu hariri zao, uchoraji wao na ufundi wao wa kujalidi vitabu, kisha akawageukia waoka mikate. Hawa, alieleza, walitumia ngano na unga mzuri ulioletwa kutoka China. Waliuza mikate yao sokoni na barabarani. Mkate wao ulikuwa mzuri na bei yake ilikuwa ndogo, hata watu wengi katika nchi ile yenye mchele tele wakaanza kula mkate ambao hapo awali hawakuuzoea. Tena hawakumfukuza asiye na kitu. Mteja akikosa fedha alipewa mkate kwa deni, na deni lake likawekewa alama ya kumbukumbu. Askofu anasema wapo askari waliolishwa kwa njia hiyo mwaka mzima, na waokaji hawakuacha kuwapa mkate waliouhitaji.

Ninaianza historia hii kwa barua hiyo kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho Wafilipino wa leo wanakikumbuka kwa mapenzi wanapotaja panaderya, yaani tanuri na duka la mikate la mtaani: mkate uko karibu, bei ni ya kumudu, na muuzaji anamjua mnunuzi vya kutosha kumkopesha. Mapenzi hayo ni makubwa. Watu waliohamia nchi za mbali huzungumza juu ya pandesal ya asubuhi, mkate mdogo wa mviringo uliopakwa chenga za mkate, kama wanavyozungumza juu ya jamaa. Wengi huyaeleza mapenzi hayo kuwa ni kumbukumbu ya utoto tu, ladha iliyotiwa utamu na umri. Naona maelezo hayo hayatoshi. Mkate huu ulitengenezwa kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya mtu mwenye sarafu chache mkononi, na ukatengenezwa kwa namna isiyomvunjia heshima. Anayeupenda anatoa hukumu juu ya mpango huo wa maisha, na ushahidi wa historia unaiunga mkono hukumu yake.

Inafaa kusema wazi ni nani waliouanzisha mpango huo. Wachina wa Parián, wengi wao kutoka mkoa wa Fujian, walihitajiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1603 hofu hiyo iligeuka kuwa mauaji, na maelfu yao wakauawa na Wahispania pamoja na wasaidizi wao. Antonio de Morga, ofisa wa serikali aliyewahi kufanya kazi Manila, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwamba baada ya mauaji hayo mji ulijikuta katika dhiki: chakula hakikupatikana, wala viatu, hata kwa bei ya juu kabisa. Mji uliokuwa ukilishwa kwa mkopo ulikuwa umewaua wakopeshaji wake. Baada ya muda Wachina wengine walikuja na biashara ikarudi, lakini doa hilo limo katika historia ya mkate wa Manila, na anayeusimulia mkate huo bila kulitaja anasimulia nusu.

Kwa upande wao, Wahispania waliitaka ngano kwa sababu za dini kabla ya kuitaka kwa sababu za tumbo. Bila ngano hakuna hostia, mkate wa ibada ya Kikatoliki, na bila hostia hakuna Misa. Mapadri walihimiza kilimo chake kwenye kisiwa cha Luzon, na kwa muda ilimea katika sehemu kama Batangas na Laguna. Lakini joto na unyevu wa visiwa vile havikuipenda ngano. Leo Ufilipino haina kilimo cha ngano cha kibiashara. Karibu kila punje inayosagwa huko hutoka ng'ambo, na nchi hiyo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ngano ya Marekani.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapotokea, nalo ni zito. Kama mbegu ni ya wageni, mafundi wa kwanza walikuwa wageni, na hitaji la awali lilikuwa la kanisa la mtawala, basi kuupenda mkate huu si kuupenda ukoloni uliobadili umbo? Doreen Fernandez, mwandishi na mwalimu aliyeifanya historia ya chakula cha Ufilipino kuwa somo la heshima, alilijibu swali la aina hiyo katika makala yake ya miaka ya 1980: chakula cha kigeni kinapoingia, wenyeji hukibadilisha kwa viungo vyao, kwa ulimi wao na kwa nafasi wanayokipa katika siku yao, hadi kikawa chao. Jibu hilo ni kweli, na mifano ni mingi. Ensaymada ilitoka kisiwa cha Mallorca, ambako hukunjwa kwa mafuta ya nguruwe. Huko Ufilipino ikawa mkate laini wa siagi na mayai, unaonyunyizwa sukari na jibini iliyokunwa, na mjini Malolos huwekewa vipande vya yai la bata lililotiwa chumvi. Hopia ilikuja na watu wa Fujian, ikajazwa choroko zilizopondwa na baadaye kiazi kikuu cha zambarau kinachoitwa ube. Pan de coco hujazwa nazi iliyokunwa na kupikwa kwa sukari guru, na nazi ni zao ambalo visiwa hivyo vinalo kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote duniani.

Ila naona jibu la Fernandez linaweza kupelekwa mbele zaidi. Zaidi ya kumfanya mgeni awe mwenyeji, vijazo hivyo vilitatua tatizo la fedha. Unga wa ngano ulikuwa ghali kwa sababu ulisafirishwa. Nazi, choroko na viazi vikuu vilikuwa mlangoni. Kila kijiko cha nazi kilichotiwa ndani ya mkate kiliongeza ladha na ujazo bila kuongeza unga. Ukiichunguza mikate ya panaderya moja baada ya nyingine, utaona hesabu hiyo ikirudi: vipande vidogo, unga uliochachuliwa ukapanda vizuri, utamu uliotoka shambani karibu. Uhaba wa ngano ndio uliowafunza waokaji ustadi wao, na ustadi huo haukutoka Hispania wala China.

Mabadiliko makubwa yalikuja na bendera nyingine. Kwa Mkataba wa Paris wa 1898, Hispania iliiachia Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20, na kuanzia mwaka 1909 sheria ya ushuru ya Marekani ilifungua biashara huru kati ya nchi hizo mbili. Unga wa Kimarekani uliingia kwa wingi. Mkate ulioliwa zaidi na watu wa mijini na wenye uwezo ukaanza kufika kwa vibarua, madereva wa magari ya farasi yaitwayo kalesa na watoto wa shule. Pandesal, ambayo hapo kale ilikuwa na ganda gumu zaidi, ilizidi kuwa laini na tamu kidogo kadiri miaka ilivyopita. Baadhi ya matanuri ya zama hizo bado yapo: Panaderia Dimas-Alang ya Pasig ilianzishwa mwaka 1919, na Kamuning Bakery ilifunguliwa mwaka 1939, mwaka uleule Jiji la Quezon lilipoundwa. Huko Molo, katika mji wa Iloilo, ipo panaderya iliyotangulia zama hizo, ya tangu 1872. Miaka ya mwisho ya 1950 viwanda vya kusaga ngano vilianza kujengwa nchini, na tangu hapo meli zilileta punje badala ya unga uliokwisha sagwa.

Lakini tarehe hazielezi mapenzi. Yanaelezwa vizuri zaidi na kazi yenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo. Tanuri la jadi, pugon, ni chumba cha matofali kinachowashwa kuni hadi kuta zake zinyonye joto. Jioni unga hukandwa na kuachwa uumuke. Usiku wa manane huviringishwa kuwa mche mrefu, hunyunyizwa chenga za mkate, kisha hukatwa kwa kisu kipana. Mahali kisu kilipopita hubaki ukingo unaojulikana na kila mteja. Vipande hupangwa kwenye sinia za mbao, huumuka mara ya pili, na kuingizwa tanurini kwa pala ndefu kabla ya kupambazuka. Mteja wa kwanza huja gizani. Wengine husubiri nyumbani honi ya muuzaji wa baiskeli. Pandesal huwekwa ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki ikiwa bado moto, na huliwa kwa kuchovya katika kahawa, au kwa jibini nyeupe, dagaa wa kopo, siagi ya karanga, na aliye na fedha kidogo zaidi hutia yai. Alasiri tanuri huhudumia mlo mwingine, ule wa saa tisa, kwa mikate iliyo tamu zaidi: monay yenye mpasuo katikati, mkate uliokunjwa na sukari na siagi, kababayan ya manjano yenye umbo la kofia pana ya mkulima.

Na hakuna kinachotupwa. Mikate ya jana iliyokauka husagwa kuwa chenga za kupakia pandesal ya leo. Iliyobaki zaidi hulowekwa, hutiwa sukari na rangi nyekundu, ikawa kijazo cha mkate unaoitwa kalihim katika baadhi ya mitaa na pan de regla katika mingine. Watoto huujua kwa wekundu wake. Mingine hukatwa vipande na kuokwa tena hadi ikauke kabisa, ikaweza kukaa wiki nyingi ndani ya chupa ya kioo. Hapa ndipo siri ya bei ilipo. Mwokaji anayepata faida ndogo kwa kila kipande anaishi kwa kuhakikisha kwamba hakuna kipande kinachopotea, na mteja wa mtaani hakudanganywa katika jambo hilo: alijua kijazo chekundu kilitoka wapi, akakipenda hivyo hivyo. Sijui uthibitisho ulio bora kuliko huo kwamba mapenzi haya hayakujengwa juu ya udanganyifu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa waliofanya kazi hiyo. Kukanda usiku kucha mbele ya joto la kuni ni kazi inayochosha mwili, na ujira wake umekuwa mdogo. Aidha, pandesal imekuwa ikipungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Wazee husema ya zamani ilijaa kiganja, na ya leo humezwa kwa mara mbili. Je, anayeitamani panaderya ya kale hausahau umaskini uliouumba mkate huo? Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili naikubali bila ubishi. Historia inayousifu mkate na kumnyamazia mwokaji haina uzito. Lakini kupungua kwa ukubwa kunathibitisha hoja yangu badala ya kuidhoofisha. Bei ya ngano ilipopanda, kama ilivyopanda tena mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, mwokaji wa mtaa alikuwa na njia mbili: kupandisha bei ya kipande au kupunguza uzito wake. Mara nyingi alichagua uzito, kwa sababu alimjua mtu anayekuja na sarafu zilezile kila asubuhi, na alijua kwamba mtu huyo akikosa senti moja atarudi nyumbani mikono mitupu. Dhiki waligawana. Kilicho kibaya ni upungufu unaofichwa, na dawa yake ilijaribiwa: kuanzia mwaka 2010 serikali na vyama vya waokaji walitoa mkate wa boflo wa gramu 450 na baadaye pakiti ya pandesal 10 za gramu 250, kwa bei iliyokubaliwa, ili mnunuzi ajue gramu anazolipia.

Kuni nazo zilileta suala lao. Matanuri ya Manila yaliteketeza mikoko ya pwani kwa karne nyingi, na mwaka 1991 sheria ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini kote. Panaderya nyingi zilihamia gesi na umeme. Wapo wanaosema mkate ulikufa siku hiyo. Sikubaliani nao. Moshi wa kuni huongeza harufu nzuri, lakini haukuwa kiini cha jambo. Wafilipino wengi walio hai leo wamekula pandesal ya gesi tangu wazaliwe na mapenzi yao si madogo kuliko ya babu zao.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote: kwamba kumbukumbu ya utoto ingetosha kuufanya mkate wowote upendwe. Bahati nzuri historia ya Ufilipino ina mfano unaoweza kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa chakula kutoka Marekani, watoto wa shule walianza kupewa mkate ulioitwa Nutribun. Ulikuwa mkubwa na mzito, gramu 160, wenye kalori 500 na gramu 17 za protini, ukiokwa kwa unga wa ngano pamoja na soya au maziwa ya unga. Mafuriko makubwa yalipoikumba Luzon mwaka 1972, mikate hiyo iligawiwa kwa waathirika, na baadhi ya mifuko yake ikapigwa muhuri wa kumtangaza mke wa rais, Imelda Marcos. Kwa mizani ya daktari, Nutribun iliishinda pandesal kwa mbali, na ilikuwa bure. Waliokuwa watoto wakati huo wanaikumbuka, na wengine kwa upendo. Lakini msaada ulipokwisha na mpango kufungwa mwaka 1997, Nutribun haikushika nafasi katika rafu za mtaani. Ilirudi mwaka 2020, ikiwa na boga ndani yake, kwa kazi ya taasisi ya serikali ya utafiti wa lishe, kwa ajili ya kulisha watoto. Pandesal haikuhitaji mtu wa kuirudisha. Kumbukumbu ya utoto ilikuwapo kwa mikate yote miwili. Sarafu ya kila asubuhi iliendelea kutolewa kwa mmoja. Tofauti yao ni kwamba Nutribun ilitolewa na mtu wa mbali aliyejua mahitaji ya mwili, na pandesal iliuzwa na jirani aliyejua jina la mteja. Mpewaji wa msaada huwa na deni asiloweza kulilipa. Mkopaji wa panaderya hulilipa lake Jumamosi.

Wenye shaka husema pia kwamba mkate huu una unga mweupe mwingi na sukari nyingi, na ni kweli. Mtu akitaka kujenga lishe ya taifa, asianzie kwenye ensaymada. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi huulinganisha na chakula ambacho mteja wa panaderya hakuwa nacho mezani. Kwa vibarua wa Manila wa miaka ya 1930 au wanafunzi wa miaka ya 1980, mbadala wa pandesal saa kumi na moja asubuhi mara nyingi ulikuwa kahawa tupu. N.V.M. Gonzalez, katika hadithi yake fupi maarufu iliyopewa jina la mkate huu, alimweka mvulana wa familia ya kawaida akitumwa kila alfajiri kwenda kununua pandesal, na akautumia mkate huo kupima umbali kati ya nyumba ya mvulana na nyumba ya matajiri. Wasomaji wa Kifilipino hawakuhitaji maelezo. Walijua mkate ule unasimama upande wa nani.

Tangu mwisho wa karne ya 20, mikate ya viwandani iliyofungwa kwenye plastiki na maduka ya keki yenye matawi mamia yamechukua wateja wengi, na panaderya nyingi za familia zimefungwa. Hata hivyo karantini ilipotangazwa Luzon Machi 2020, watu waliofungiwa nyumbani walianza kuoka pandesal wenyewe, na ile ya zambarau, yenye ube na jibini ndani, ikaenea nchi nzima kwa wiki chache. Wengi waliiuza kwa majirani, kwa vipande, kwa agizo la mdomo, wakati mwingine kwa kulipwa baadaye. Watu walikuwa wamepoteza kazi, na walichokimbilia ni mpango uleule ambao askofu Salazar aliuona miaka 430 kabla yao.

Mpango huo umesafiri na wafanyakazi wake. Katika mitaa ya Satwa na Karama mjini Dubai, ambako Wafilipino na Waswahili hupanga vyumba katika majengo yaleyale, pandesal na ensaymada huuzwa kwa watu wanaotoka zamu ya usiku na wanaokwenda zamu ya asubuhi. Msomaji uliye huko, nunua zikiwa moto, na umlipe mwokaji bei aliyoitaja bila kumwomba apunguze. Faida yake katika kila kipande ni ndogo, na amekesha.